Kadi Niliyoandika Jina Mapema

Usinitazame hivyo. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mezani pangu, hapa Giakanja, na ukidhani natunga, njoo nikuonyeshe picha. Najua watu wengine hukutana na mizimu usiku wa manane, tena njia panda. Wangu alikuja saa tisa mchana, nikiwa na aproni iliyojaa rangi na gundi vidoleni, na ni mimi niliyemkaribisha ndani.

Mimi hutengeneza kadi nyumbani. Za harusi, za watoto, za pole. Karatasi naikata kwa mkono, nabandika maganda makavu ya mgomba na maua niliyokausha ndani ya vitabu vizito, halafu naandika kwa wino mweusi ninaoununua kwa duka la Mhindi mmoja mzee mjini Nyeri. "Mama, hii haitoki," huniambia kila mara. "Maji haiwezi, sabuni haiwezi. Ukikosea, tupa karatasi." Na kweli, karatasi nilizotupa kwa sababu ya wino huo ni nyingi.

Picha pia nachora, ila kuna moja iliyonishinda miaka yote: uso wa mama yetu, Wangeci. Alifariki nikiwa na miaka minne, mdogo wangu Njeri akiwa bado ananyonya, na picha yake ya pekee iliungua pamoja na nyumba. Nilikuwa nikimuuliza Tata, dada yake mama, pua ilikuwaje, midomo ilikuwaje. Nachora, anatazama, anatikisa kichwa. "Huyo ni mwanamke mzuri," anasema, "lakini si Wangeci."

Kwetu, kama hujui, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, wa pili la mama ya mama yake. Mimi Mungu amenipa wavulana wawili basi. Njeri, aliyeolewa Kutus, alikuwa na msichana mmoja, Wanja, wa jina la upande wa mume. Na kwetu mwenye jina hurudi ndani ya mtoto, kwa hiyo mama angerudi kwa Njeri au asirudi kabisa. Na baada ya Wanja, mimba mbili zilitoka. Ya tatu ilipofika miezi minane, na daktari amesema ni msichana, nilishindwa kujizuia. Nikatengeneza kadi, maua ya zambarau pembeni, na katikati nikaandika kwa ule wino: Karibu nyumbani, Wangeci.

Tata alipoiona alikasirika. "Weh! Mtoto haitwi kabla afike. Hata nguo hatununuangi mapema, sembuse jina?"

Nilicheka. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna skani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku kumi zikapita. Ilikuwa Julai, baridi yetu ile ya kukufanya uvae soksi mbili, na ukungu ulikuwa umefunika hata mlango wa jirani. Nikasikia hodi, na mbwa wangu, ambaye hubwekea hata pasta wa kanisa, hakubweka. Akaingia mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kitambaa cheupe kichwani, kiondo mgongoni. Alikuwa miguu mitupu. Nje matope yalikuwa ya kufika kwenye kifundo, lakini miguu yake ilikuwa mikavu na safi. Niamini, niliiona. Ila kuna vitu macho huona na akili ikakataa kuuliza.

Kwa kuwa alikuwa mdogo kwangu, nilimsemesha kama mtoto. "Wewe msichana ni wa nani?"

Akacheka. "Mimi ni wa hapa tu."

Akaketi bila kuambiwa. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ile kadi. "Hii ndiyo inasumbua," akasema. "Toa jina."

"Haiwezi kutoka. Hiyo wino haitokangi."

"Toa na kidole. Mimi siwezi. Ni wewe uliita."

Kwa nini nilitii? Mimi, ambaye hata mume wangu husema nabishana na redio? Sijui hadi leo. Nilipitisha kidole gumba juu ya herufi, na wino uliokaa siku kumi ukatoka kama vumbi la chaki. Karatasi ikabaki nyeupe, haina hata alama. Mwili wote ulinisisimka. Wala sikuogopa, na hilo ndilo linalonishangaza. Nilitaka tu kupiga magoti, na sikujua nampigia nani.

"Sasa zile zingine mbili," akasema.

Hapo niliganda, maana jambo hilo hakuna aliyelijua, na hata wewe nilikuwa sijakuambia. Kwa kila mimba ya Njeri iliyotoka, nilikuwa nimeandika kadi. Jina lilelile, mapema vilevile, sikungoja hata kujua ni msichana au mvulana. Nilizificha ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya brashi zilizochakaa. Nilizitoa. Hizo hakuniambia nizifute. Alizipokea kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepewa mtoto aliyelala, akazilaza ndani ya kiondo.

"Hizi nitaenda nazo," akasema. Halafu akaniangalia sana. "Haya, nichore. Lakini haraka, kuna mahali naenda."

Nikachora. Sijawahi kuchora namna ile, na sitachora tena. Brashi ilikuwa inajua inakokwenda, mimi nikiifuata tu. Unyusi mmoja juu kidogo ya mwingine, pengo kwenye meno ya mbele, kovu dogo kidevuni. Nilipoinama kusuuza brashi na kuinuka, kiti kilikuwa kitupu. Nikakimbilia mlangoni. Kwenye matope hakukuwa na wayo hata mmoja, wa kuja wala wa kwenda.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu, Baba Wanja, na alikuwa analia. Njeri alikuwa ametokwa na damu tangu asubuhi, wamemkimbiza hospitali, na yeye ameambiwa ajikaze, mtoto huenda asipone. "Lakini imesimama," akasema. "Saa hii tu, yenyewe! Hata daktari anashangaa. Mtoto ako sawa, Njeri ako sawa."

Kesho yake Tata alifika. Picha ilikuwa imeegemea ukutani. Alisimama ghafla, kikapu kikamponyoka, viazi vikatawanyika sakafuni. Akaenda akaugusa ule uso shavuni, rangi ikiwa bado mbichi kwa ile baridi.

"Nani amekuonyesha Wangeci?" akauliza. "Ati nani amekuonyesha huyu dada yangu?"

Niliketi chini pale pale, katikati ya viazi. Mama yangu alikuwa amekaa mbele yangu karibu nusu saa, nami nikamwita msichana. Sikumpa hata chai.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi, na hapo ndipo akaitwa Wangeci. Ana miaka minne sasa. Kwa mila zetu mimi humwita Maitu, yaani mama yangu, naye huitika kwa maringo kama mwenye nyumba. Chai yake huwa namwekea sukari zaidi. Na ile kadi ninayo, nyeupe katikati. Tangu siku hiyo hakuna wino unaoshika pale, nimejaribu yote.

Basi wewe unayetengeneza kadi nyumbani kwako, nisikilize. Pamba utakavyo, bandika maua, funga utepe. Lakini mahali pa jina paache wazi mpaka usikie mtoto analia. Usiniambie ni ushamba. Mimi pia nilisema hivyo, na nikaandika mara tatu.

Njeri hajawahi kujua habari za zile kadi mbili. Amezijua leo, hapa, kwa kusoma kama wewe. Mdogo wangu, nilikuwa na haraka ya kumwona mama. Nisamehe.