Pua ya Patasi

Kaka yake alimpiga kwa mpini wa nyundo, katikati ya uso, na Patasi akausikia mfupa wa pua ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Walikuwa wawili tu kwenye ngazi za jengo kuukuu, orofa ya pili. Damu ilimwagikia magamba ya rangi yaliyotapakaa chini, na tochi ya gesi ya kuchomea rangi, ambayo Patasi alikuwa ameizima kwa ndoo nzima ya maji, ilifuka moshi miguuni pao.

"Unanimwagia maji mimi?" kaka alifoka. "Mimi niliyekufundisha kukwangua kwa skrepa?"

"Rangi hii haichomwi, kaka. Moshi wake ni sumu."

"Sumu! Siku mbili tatu darasani, umeshakuwa daktari!"

Akainua mpini tena. Patasi akamsukuma, kaka akajigonga ukutani, na plasta ikawamwagikia wote wawili kama unga. Wakakaa hapo wakihema, weupe vichwani, mmoja akivuja damu na mwingine akitetemeka mikono.

Kaka hakuwa mgeni kwa ngumi. Baba yao aliwalea kwa mkanda, na kila mkanda ulipoinuliwa, kaka ndiye aliyejiweka mbele. Mgongo wake una makovu ambayo kwa haki yalikuwa ya mdogo wake. Ni yeye aliyemtoa nyumbani akamleta kwenye kazi hii ya kubandua rangi za zamani, na ni yeye aliyempa jina la Patasi, kwa sababu alikuwa mwembamba, mkali, na hupenya popote.

Miaka yote hiyo waliikwangua rangi ikiwa kavu. Waliichoma, waliisaga kwa mashine, wakapumua vumbi lake na kulila na mkate. Kisha amri ikatoka serikalini: rangi za nyumba za zamani zina madini ya risasi, na asiye na mafunzo na leseni asiziguse. Tajiri wao akasema amri ikianza, kwenye jengo lile atabaki mwenye leseni tu. Kaka alicheka hadi akakohoa.

"Nikafundishwe kukwangua ukuta? Kesho wataniita nikafundishwe kutafuna!"

Patasi hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani. Akaenda.

Mwalimu alikuwa mwanamke mwenye mikono ya mvunja mawe, na kweli alikuwa amevunja kuta nyingi kabla ya kushika chaki. Alifundisha kwa kupiga meza. Lowesha kabla ya kukwangua. Tandika plastiki. Usichome, usifagie pakavu, usile kazini. Nguo ya kazi isivuke mlango wa nyumba yako, hata kama unampenda nani. Halafu akaeleza madini yale yanavyomfanya mtu yakishaingia kwenye damu. Tumbo hukaza. Usingizi hukimbia. Mikono hutetemeka. Hasira huja bila kuitwa, na aliyekuwa mpole huanza kupiga watu.

Patasi aliacha kuandika. Alikuwa akisomewa kaka yake, kiungo kwa kiungo. Asubuhi iliyofuata ndipo alipokwenda na ndoo ya maji kwenye zile ngazi.

Jaribio la barakoa lilikuwa kesho yake, na bila kulipita hakuna leseni. Unavaa barakoa ya mpira, unafunikwa kichwa kwa kofia kubwa ya plastiki, mwalimu anapuliza maji machungu kupitia tundu dogo, nawe unasoma kwa sauti huku ukigeuza shingo. Ukiuonja uchungu, barakoa inavuja. Hakuna anayeuona ulimi wako. Mwenye kujua ni wewe peke yako.

Patasi alifika na pua iliyovimba kama ndizi. Akaivuta mikanda hadi macho yakamtoka. Mwalimu akapuliza, na uchungu ukamjaa mdomoni pale pale. Akaendelea kusoma. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akasoma, huku kidonda kikifunguka chini ya mpira na damu ikimteremkia midomoni, hadi ikachuruzika kidevuni na kudondokea karatasi aliyokuwa akiisoma.

Mwalimu akaing'oa ile kofia.

"Umeonja?"

"Sijaonja."

"Meza damu yako, kisha useme tena."

"Nimesema sijaonja! Unataka nikale wapi?"

Ngumi yake ilikwisha kuinuka. Wanafunzi wenzake wakasogeza viti nyuma. Mwalimu hakusogea.

"Piga, baba. Ukimaliza kunipiga, barakoa itakuwa bado inavuja."

Ngumi ikabaki hewani, haijui pa kwenda. Kisha ikashuka.

"Nimeonja," alisema. "Tangu mwanzo."

"Nenda ukapone. Amri haijaanza, na kuna majaribio mengine kabla yake."

Pua ikapona, lakini ikapona upande. Alipokwenda kujaribu barakoa tena, kubwa, ndogo na ya kati, zote zilivuja palepale mfupa ulipopinda. Mwalimu aliupapasa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Ama mfupa urudi mahali pake, alisema, ama atafute kazi nyingine.

Daktari aliimulika ile pua.

"Nani aliyekuvunja?"

"Kaka yangu."

"Na sasa unataka mimi nikuvunje tena?"

"Wewe una leseni, dokta."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa na kichekesho. Ganzi haikufika kote. Muuguzi alimkandamiza kichwa kitandani, chuma kikaingia puani, na Patasi akausikia ule mlio kwa mara ya pili, safari hii kutoka ndani ya fuvu. Alipiga kelele hadi watu wa nje wakainuka kwenye benchi. Alilipasua shuka kwa kucha. Lakini alipotakiwa kutulia alitulia, machozi na damu vikimwingia masikioni.

Kwenye jaribio la mwisho mwalimu alipuliza mara nyingi kuliko desturi. Patasi alisoma ukurasa mzima, akageuka, akainama, akasoma tena.

"Umeonja?"

"Sijaonja."

Mwalimu alimtazama machoni, akaamini.

Siku amri ilipoanza, mkanda mwekundu ulifungwa chini ya zile ngazi. Kaka alikuja na skrepa mkononi kama siku zote.

"Nipishe, dogo."

"Huwezi kuingia, kaka. Huna leseni."

"Ngazi hizi nimezikwangua mimi!"

"Ndiyo maana sikuruhusu."

Kaka akaruka mkanda na kumtwanga ngumi usoni, barakoa ikateleza hadi shingoni. Patasi hakurudisha. Akimwacha apite, leseni itakwenda, na vumbi litammaliza mtu aliyemkinga kwa mgongo wake. Akamkumbatia kiunoni. Kaka alimng'ata bega, akampiga kwa kisigino, akamtukana matusi ya baba yao, neno kwa neno, na Patasi akambeba hivyohivyo hadi nje na kumbwaga barabarani. Magoti ya kaka yakachunika. Alikuwa mwepesi mno. Hilo ndilo lililomuumiza Patasi kuliko meno.

"Twende darasani, kaka. Nitakaa nawe."

"Potelea mbali. Mimi sina mdogo."

Kaka akatema mate, akaondoka akichechemea, bila kugeuka. Patasi alisimama hadi alipokata kona. Kisha akarudi hadi kwenye mkanda, akavaa barakoa upya, akaziba vichujio vyake vya hewa kwa viganja viwili na kuvuta pumzi. Mpira ukanyonywa usoni, ukashika bila kuvuja. Akapanda, akaanza kuulowesha ukuta.