Mama Aliyekufa Kanada

Ndugu yangu ni mwanasiasa Kanada, na tafadhali usinipe hongera. Nimepewa za kutosha. Nimepewa sokoni, nimepewa arusini, hata kwa daktari wa meno nimepewa nikiwa nimeachama. Hapa Azaiba, mtaa wetu wa Maskati, mtu akiwa na mtoto mbunge huko Ulaya, maana kwetu Kanada nayo ni Ulaya, basi mtaa mzima unajiona umechaguliwa.

Aliyewatangazia wote ni mama. Kila Ijumaa tukishakula alitaka simu yangu iegemezwe kwenye kopo la sukari, atazame hotuba za mwanawe wa pekee wa kiume. Kiingereza hajui. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati ameshaolewa, ana watoto wawili, mimi na huyo mdogo wangu, na Kiswahili na Kiarabu vilimtosha maisha yake yote. Kwa hiyo mimi, niliyefanya kazi wizarani mpaka nikastaafu, ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Anasema nini?"

"Anasema kodi zimezidi, mama."

"Kweli anasema. Na hapo?"

"Anasema watu wafanye kazi, wasingojee serikali."

"Mashallah! Babake huyo."

Baba alikula mshahara wa serikali mpaka siku aliyokufa, lakini nilimmiminia chai tu.

Siasa ya huyu ndugu yangu ilianza dukani. Alikwenda kusoma uhasibu, akamaliza, akabaki, akafungua duka la makochi na vitanda, na tangu hapo kila akipiga simu ni kulalamika kodi tu. Kule kuna chama cha watu wanaopenda malalamiko ya namna hiyo, wanajiita wahafidhina, wakamkaribisha kwa mikono miwili. Kwanza alikuwa akizunguka kwenye theluji kugonga milango ya watu kumwombea kura mtu mwingine. Halafu akagombea mwenyewe udiwani wa mji wao, akashindwa vibaya. Mama akasema ni hasadi, akafukiza ubani na kusomea maji kwenye chupa, kana kwamba kura za Kanada zinapigwa nyuma ya nyumba yetu. Mimi nilicheka sana. Siku zile bado nilikuwa nacheka.

Safari ya pili, gazeti la mji wao likamwandika. Alikuwa amemwambia mwandishi kwamba baba ni marehemu na kwamba mama katulea kwa tabu. Yule mwandishi akachanganya mambo, akaandika kuwa mgombea huyu ni yatima wa baba na mama tangu utotoni. Ndugu yangu akanipigia simu huku anacheka.

"Dada, wameniulia mama gazetini!"

"Astaghfirullah! Waambie warekebishe."

"Ntawaambia."

Hakuwaambia. Jioni ile ile, kama alivyonieleza baadaye, aligonga mlango mmoja na mwanamke aliyemfungulia akamkumbatia, akamlilia pale pale kizingitini kwa ajili ya mama yake. Mtu hajawahi kumfungulia mlango namna hiyo tangu afike nchi ile. Udiwani akaupata. Alipogombea ubunge, kile kifo kikawa kimeshanenepa: mama alikuwa akiamka alfajiri kuuza maandazi, mama aliugua kifua, mama hakuiomba serikali hata kidonge, na yeye mtoto wa miaka tisa akajifunza hapo kwamba mtu hujisimamia mwenyewe. Mama hajapata kuuza andazi hata moja! Mama alikuwa na mtu wa kumchomea maandazi.

Bungeni akapanda haraka. Akawa msemaji wa chama chake kwa mambo ya wahamiaji, akisema wazee wanaoletwa na watoto wao wanajaza hospitali. Huku mama anashonesha koti. Alichagua kitambaa kizito cha sufu, rangi ya kahawia, akawaambia mashoga zake kwamba anakwenda kumwona mwanawe kazini kwake. Mara ya kwanza mwanawe akasema ni baridi mno. Mara ya pili nyumba ilikuwa inatengenezwa. Mara ya tatu ni uchaguzi. Koti likatundikwa kabatini, kando ya dishdasha moja nyeupe, ile kanzu ya wanaume wa huku, ambayo mama hakumruhusu mtu kuigusa.

Ile dishdasha aliivaa ndugu yangu siku ya kumzika baba. Ilikuwa mara yake ya mwisho kuja. Sisi wanawake hatwendi makaburini, kwa hiyo mama alisimama mlangoni tu, jeneza likaondoka, na baadaye mwanawe akarudi na udongo magotini. Kwetu maiti hushushwa na watu wake wa karibu, na ndugu yangu ndiye aliyeshuka ndani ya kaburi kumpokea baba. Mama aliutazama ule udongo. Siku ile ile akasema, mbele yetu sote, "Na mimi utanishusha wewe." Akajibu, "Inshallah, mama." Hilo ndilo aliloishi akilingojea. Hakutaka nyumba, hakutaka hija ya tatu, alitaka yule mtoto mmoja ashuke ampokee.

Basi fikiria mimi na ile simu kwenye kopo la sukari. Kila hotuba ilikuwa na mahali pake. Ukumbi unanyamaza, ndugu yangu anainamisha kichwa, sauti inateremka.

"Hapo mbona kawa hivyo?" mama anauliza. "Anasema nini?"

"Anakutaja wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Anasema ulimlea vizuri."

Anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Usingojee nikwambie najuta. Ningeulizwa leo ningejibu vile vile.

Kwa ndugu yangu lakini sikuwa na haya. Nilimpigia nikamwambia, we mtu, una wazimu? Mama yuko hapa anakula mkate wa ufuta, wewe unamfanyia maombolezo huko!

"Dada, ni siasa. Nikirekebisha sasa wataniita muongo."

"Kwani wewe nani?"

Akakata. Ijumaa iliyofuata akampigia mama kama kawaida, akamwita mama yangu kipenzi, akamuuliza kama amekunywa dawa za presha. Na alikuwa anamaanisha, hilo ndilo linaloniunguza. Angekuwa hampendi ningejua pa kumweka.

Mwaka huu moyo wa mama ukachoka. Daktari akatwambia turudi naye nyumbani, akatazamwe na watoto wake, nasi tukajua maana yake. Tukamlaza chumba cha mbele, na akawa anauguzwa na msichana mmoja wa Kiganda tuliyekuwa naye nyumbani, mpole, mwenye Kiingereza cha shule, aliyejifunza Kiswahili humu humu jikoni kwetu. Ndugu yangu wakati ule alikuwa anagombea uongozi wa chama kizima. Nikampigia.

"Njoo. Mama anaondoka."

"Baada ya mkutano mkuu, dada. Zimebaki wiki chache tu."

"Yeye hana wiki chache."

"Nikitoweka sasa waandishi watauliza nakwenda wapi."

"Waambie unakwenda kumwuguza mama yako!"

Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayemwelewesha mtoto, "Hawajui kuwa nna mama."

Nikaitupa simu juu ya kochi. Mume wangu akaiokota, akaniwekea mezani bila ya kuuliza kitu. Mama kutoka chumbani anaita, "Ndiye? Anakuja lini?" Nikasema anatafuta tikiti. Akaniagiza niitoe dishdasha kabatini niipige pasi.

Nikaipiga pasi, nikaifukiza udi, nikaitundika pale anapoiona. Alikuwa akiitazama kuliko anavyotutazama sisi.

Ijumaa moja nilipoweka simu kwenye kopo, akaisukuma kwa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa hauna nguvu ya kusukuma kitu.

"Leo sitaki. Huyu mtoto kashanambia."

Msichana wa Kiganda alikuwa kwenye pembe anakunja mashuka. Akasimama, uso umembadilika. "Bibi aliniuliza, madam. Mimi nikasema tu vile anasema kwa simu. Sikujua ni siri."

"Kakwambia nini, mama?"

"Kwamba nshakufa." Akacheka kidogo, kicheko kikamkatisha pumzi. "Nlikufa kwa ugonjwa gani?"

"Mama, yaache hayo."

"Nakuuliza, nijibu."

"Kifua."

"Afadhali. Si ugonjwa wa aibu."

Nikaketi kitandani. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani. Yaani Ijumaa zote zile alikuwa ananiuliza anasema nini, na mimi namwambia anakusifu, na yeye anajifuta macho, na anajua. Nilitaka kulia, hasira zikatangulia. Nikasema ntampigia sasa hivi, ntamwambia aje kwa hiari au mimi mwenyewe ntawapigia hao waandishi wake.

"Mpigie," akasema mama. "Mwambie asije."

"Asije?"

"Watu wa hapa unawajua. Akitia mguu mtaani kila mtu atatoa simu. Picha zitafika kule, watamuuliza huyu mama katoka wapi. Kazi yote aliyoihangaikia itakwenda na maji."

"Iende! Na ikazame!"

"We! Usimlaani ndugu yako mbele yangu."

"Na kushushwa, mama? Nani atakushusha?"

Akaitazama dishdasha pale ilipotundikwa. "Mtanishusha mtakaokuwapo," akasema, akageukia ukutani.

Nikaenda jikoni nikampigia. Nakwambia kweli, nilimfikishia ule ujumbe kwa matumaini. Nilijua, nikajiapiza kuwa najua, kwamba akisikia mama mwenyewe kamwachia, moyo utamvunjika na atapanda ndege ya kwanza. Mtoto gani anaambiwa na mama yake anayekufa asije, halafu haji?

"Mama kasema usije," nikamwambia. "Anajua kila kitu. Hataki kukuharibia."

Nikamsikia anavuta pumzi, nikangoja.

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Alhamdulillahi," akasema ndugu yangu. "Mwambie namshukuru sana."

Nilirudi chumbani. Mama alikuwa amegeuka, ananingoja. "Kasemaje?"

"Analia, mama. Hawezi hata kusema."

"Maskini," akasema, na uso wake ukatulia. "Mwache alie, atapoa."

Alifariki siku chache baadaye, baada ya sala ya alfajiri, mkono wake mkononi mwangu. Nilimwosha mimi pamoja na mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho, aliyekuja kutoka Salala na hakuwa akijua lolote katika haya. Alikuwa akiniuliza tu, huku anamwaga maji, mwana kafika wapi, keshapanda ndege? Nikamwambia hakuwahi.

Aliyemshusha ni mume wangu. Nyinyi mnajua mkwe ni nini kwetu. Miaka yote ile alikuwa akimwamkia mama macho yakiwa chini, hajapata kula naye sinia moja, na sasa anaambiwa ashuke ampokee mikononi. Kabla hawajatoka nikaitungua ile dishdasha, nikampa. "Vaa hii." Ilimbana mabegani na kumfika juu ya vifundo vya miguu, lakini aliivaa. Aliporudi ilikuwa na udongo magotini. Alikaa barazani nayo analia peke yake, mtu mzima yule, nikamwacha.

Tukaweka azza, yaani matanga, siku tatu. Wanaume wakapokea mikono ya pole kwenye sabla, ule ukumbi wa karibu na msikiti, wamejipanga mstari, na pale mbele ambapo husimama mwana akasimama mume wangu. Kila aliyeingia alimuuliza mwana yuko wapi. Akawajibu yuko safarini. Sisi wanawake tulikuwa nyumbani, tumekaa chini kuzunguka kuta, kahawa na halua zinapita.

Siku ya tatu, baada ya laasiri, binti mmoja wa jirani akaruka kutoka alipokuwa amekaa. "Kashinda! Khalati, ndugu yako kashinda, ndiye mkubwa wa chama sasa!" Na kabla sijamzuia akaiegemeza simu yake kwenye dalla, lile birika la kahawa, katikati ya chumba, wote wakaona. Kuna mwanamke alishaanza kupiga kigelegele, akakumbuka alipo, akajiziba mdomo.

Ndugu yangu alikuwa amesimama mbele ya bendera, amevaa suti ya buluu, amenenepa. Ukumbi wote unampigia makofi. Halafu akainua mkono, ukumbi ukanyamaza, akainamisha kichwa. Nikajua tumefika mahali pake.

Mama mdogo alikuwa kando yangu, tasbihi mkononi. Akanigusa goti.

"Anasema nini?"

Wanawake wote wakanigeukia, mimi ndiye mkalimani. Na nyumba ile haikuwa tena na mtu wa kumfichia.

"Anasema mama yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa," nikasema. "Anasema laiti angelikuwa hai akamwona leo."

Mama mdogo akaitazama ile simu. Akatutazama sisi, mabuibui yetu ukuta mpaka ukuta, vikombe, misahafu iliyofunguliwa juu ya mito.

"Basi sisi hapa," akaniuliza, "tumekaa azza ya nani?"