Kicheko cha Mama Latifa

Chikongola, hapa Mtwara mjini, kuna watu wana ghorofa, kuna watu wana bajaji tano, na Shamimu ana kicheko. Kinaanza chini kama kikohozi, kinapanda, kinakatika, halafu kinamalizikia kwenye kigelegele kirefu ambacho hata aliye sokoni atakuambia huyo ni Mama Latifa. Mwali akikaribia kutolewa unyagoni, wenye shughuli humwalika Shamimu kabla hawajanunua mchele. Akikipiga kigelegele chake, mtaa unajua mtoto ametoka vizuri. Siku nyingine anabangua korosho na wenzake, anasengenya kidogo, maisha yanakwenda.

Basi wakaja mjini watu wa televisheni na shindano lao la kuimba. Latifa, mwanawe wa pekee, akajiandikisha na wimbo alioutunga mwenyewe wa kumlilia baba yake, Ismaili, fundi seremala aliyefariki mwaka juzi. Shamimu alitaka kitu kimoja tu duniani: mwanawe aonekane, watu waseme mtoto wa marehemu anaweza.

Ukumbini kulikuwa na kijana mmoja, Dickson, kavaa hedifoni, kazi yake kufundisha watu wazima kufurahi. Ndiyo, ndugu yangu, watu wa Mtwara walikuwa hawajui kufurahi, ikabidi waletewe mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Kabla hajapanda msanii hata mmoja akawapanga: akinyanyua mkono wapige makofi, akiuzungusha wacheke, akishika kifua walie. Wakalipigia makofi jukwaa tupu. Wakalililia jukwaa tupu hilohilo, wengine kwa kwikwi. Aliposikia kicheko cha Shamimu, Dickson nusura apige magoti. Akamhamishia kiti cha mbele, akamsogezea maiki, akamwomba acheke tena peke yake. Shamimu akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Akapewa fulana na pilau ya kwenye boksi, akajiona staa. Mtu mzima ovyo!

Baadaye Latifa akapanda. Ubeti wa pili sauti ikamkwama, akasimama anameza mate, machozi yanamtiririka. Dickson hakunyanyua mkono wowote, lakini ukumbi mzima ulinyamaza. Shamimu alilia mpaka Rehema, jirani yake, akamshika mabega. Latifa akajikaza, akamaliza. Walirudi nyumbani mama na mwana wameshikana mikono, na tangu msiba hawakuwahi kuwa karibu namna ile.

Kipindi kilipokuja kurushwa, Shamimu akaazima viti, akaalika majirani, akakaanga na mihogo. Latifa akatokea kwenye runinga, kapendeza. Ubeti wa pili sauti ikamkwama. Na hapohapo, jamani, kikapanda kicheko. Kikaanza chini kama kikohozi, kikapanda, kikakatika, kikamalizikia kwenye kigelegele. Majaji wakatikisa vichwa. Wenye kipindi walikipenda mno kicheko hicho, wakakirudia mara ya pili.

Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Rehema akaangalia mihogo. Mama mmoja akakumbuka ana mgonjwa, akaaga, na ghafla kila jirani akawa na mgonjwa wake. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao hapo alikuwa Latifa peke yake.

Watu walipoondoka Shamimu akajieleza: kwamba alicheka mapema, kabla ya yote, na wale mabaradhuli wamekata huku wakabandika kule. Latifa akajibu kwa upole kwamba anajua. Yeye ndiye aliyekuwa jukwaani, na ukumbi ulikuwa kimya.

"Ila mama, hapo mapema ulikuwa unacheka nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Niliambiwa tu nicheke."

"Na kulia mliambiwa?"

Shamimu akakiri kwamba waliambiwa. Latifa hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia hofu mama yake.

"Sasa uliponililia mimi, nitajuaje?"

Shamimu akafungua mdomo aape kwa Mungu. Uchungu ukamjaa, machozi yakamtoka, mengi, ya kweli kabisa, na mwanawe akakaa anayatazama kama mtu anayetazama kipindi.