Mchele Chini ya Unga Mweupe

Kwa miezi minne mimi na mtu wa oveni hatukusemeshana. Meza zetu zilitengana hatua sita tu katika chumba kimoja cha maabara hapa Ifakara, na kila asubuhi nilimpita kana kwamba ni stuli. Chanzo kilikuwa kidogo. Alinikuta nasoma kitabu cha kemia nilichookota kwenye maboksi ya kutupwa, akaniita Profesa wa Chupa, na wote wakacheka. Niliishia kidato cha nne na niliajiriwa kuosha vyombo. Kutumia mizani nilijifunza mwenyewe, baadaye nikakabidhiwa.

Kazi ya mwaka ule ilikuwa unga mweupe. Kwa macho ni kama unga wa muhogo, lakini chembe zake zimefungamana kama fito za nyumba ambayo haijakandikwa udongo, na kati ya fito kuna nafasi ambazo jicho haliwezi kuziona. Dawa inaingizwa humo ili ikifika mwilini itoke kidogo kidogo. Shida ni kwamba unga ukikaa hewani, mvuke wa maji huwahi kujaa kwenye nafasi hizo, na dawa hukosa pa kuingia. Kwa hiyo yeye aliukausha kwenye oveni, mimi nikauhifadhi usiku kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko mzito, na asubuhi nikaupima kabla haujatiwa dawa.

Chini ya chombo hicho hukaa punje za kufyonza unyevu. Zikiwa kavu ni za buluu. Zikishiba maji hugeuka rangi ya waridi, na lazima zirudishwe kwenye oveni. Masika hayo ziligeuka. Kuzikausha kulitaka nimwombe yule nafasi kwenye oveni. Sikumwomba. Nilifanya kile ambacho kila nyumba bondeni hufanya kwenye kopo la chumvi: nilitia mchele. Dada yangu alikuwa ameniletea mchele mpya kutoka Lupiro, nikajaza kisahani na kukiweka chini ya unga, mahali pa zile punje.

Unga ukakataa dawa. Tukarudia, ukakataa tena. Daktari aliyeongoza kazi, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi na asiyejua kushusha sauti, alimwambia mtu wa oveni mbele yetu kwamba hajui hata kukausha shati. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Jaribio la tatu likishindwa, alimwambia, asijisumbue kuomba mwingine.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Katika jaribio la tatu niliupima unga ukiwa umetoka tu kwenye oveni, nikitafuta ushahidi dhidi yake. Ulikuwa mkavu kabisa. Asubuhi niliupima tena, uzito umepanda. Nilirudia mara tatu. Kisha nikachukua punje ya mchele kwenye kisahani, nikaiuma. Haikukatika kwa mlio, ilibonyea. Hapa kwetu mkulima huuma punje kabla ya kupeleka mpunga mashineni, ajue kama umekauka. Nimekua nikifanya hivyo. Mpunga wa dada ulivunwa mvua haijakatika, na mimi sikuuma.

Nilibeba kisahani hadi kwa daktari. Mtu wa oveni alikuwa amesimama pale.

"Oveni haina kosa," nilisema. "Nimeweka mchele ambao haujakauka."

"Na punje za buluu?" daktari aliuliza.

"Zilihitaji oveni."

"Oveni iko wapi?"

Nilionyesha kwa kidole.

Mtu wa oveni alinigeukia. "Kwa hiyo ungeacha nifukuzwe, ili tu usiniambie naomba."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukufukuzisha," nilimjibu. "Mizani ndiyo iliyokataa."

"Basi nitaishukuru mizani."

Yeye aliongezewa mkataba. Mimi nilirudishwa kwenye sinki, na mizani akapewa yeye. Siku ya kwanza nilimwona akiandika uzito wa unga kwa tarakimu mbili tu baada ya nukta, ilhali mizani ile huonyesha nne. Nilivumilia hadi nikamaliza kusuuza bika ya kioo.

"Andika nne," nilisema.

"Profesa wa Chupa," alijibu bila kugeuka, na akaandika nne.