Tumefunga Midomo ya Wanaomtaja Akiru

Jamani, leo nimemwombea mtoto wangu vibaya!

Akiru wangu, yule anatafiti ugonjwa wa minyoo ya mbwa, alinipigia simu asubuhi. "Mama, watafiti wa nchi za mbali wananitaja sana kwenye maandishi yao."

Nikashtuka: amewakosea nini?

Nikaita akina mama wa maombi hapa Lodwar. Tukafunga hiyo midomo yote kwa jina la Yesu. Mmoja wao, Mama Ekai, alikanyaga sakafu mpaka vumbi likajaa nyumba.

Nikampigia Akiru: "Usiogope, hawatakutaja tena."

"Mama! Wananitaja kwa sababu utafiti wangu unawasaidia. Nisipotajwa sipandi cheo!"

Yeye anacheka. Mimi najiuliza: na midomo ikibaki imefungwa?

Kesho saa nne asubuhi tunaifungua, kwangu. Njooni, na mje na sauti.