Nilivyojitengenezea Taimingi Siku ya Posa Yangu

Mpaka leo nikipita Jambiani nashusha kofia mpaka kwenye nyusi, na si kwa sababu ya jua. Kule wapo watoto wasiojua jina langu wala la baba yangu, wananiita Bwana Mzinga, na wakubwa wao wanawakanya huku wanacheka, ambako ndiko kuwatia moyo. Naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa Ami Khatib, ambaye kila akiihadithia moshi unazidi na mimi nazidi kuwa mpumbavu, na wallahi upumbavu niliokuwa nao siku ile ulitosha, haukuhitaji kuongezwa.

Marehemu baba aliniachia gari ya zamani ya Kiingereza, rangi ya maziwa, yenye usukani mwembamba kama bangili (mimi naiita klasiki, majirani zangu wa Malindi wanaiita lile debe). Ilikuwa haina neno mpaka ilipoanza kugonga. Ukiipandisha kilima cha Welezo ukakanyaga mafuta, unasikia ndani ya injini ka-ka-ka-ka, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Fundi Saleh aliisikiliza, akasema moto wa plagi unawahi kidogo, niipeleke Jumatatu airekebishe taimingi, yaani wakati wa moto kuwaka, kwa taa yake ya kupimia. Mtu mwenye akili angeliishia hapo, akasubiri Jumatatu.

Mimi nilikuwa na simu. Nikaanza kutazama video za Wazungu wenye vitambi, wamesimama kwenye magereji safi kuliko jiko la mama yangu, wanaeleza moto wa plagi, na kila nilivyozidi kutazama ndivyo nilivyozidi kujiona nshakuwa mwanachuoni. Pale barazani kwetu hapakuwa na mtu aliyesalimika. Niliwasomesha kwamba moto ukiwahi injini inagonga, ukichelewa gari inakosa nguvu na kuchemka, na siri yote iko kwenye distribyuta, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, unailegeza bolti yake, unaizungusha kidogo, basi. Hakuna aliyeniuliza. (Mmoja aliniuliza pweza sokoni wanauzwaje, nikamjibu taimingi.)

Sasa, Jumapili ndiyo ilikuwa posa yangu. Nilikuwa nnataka kumuoa Zuwena, mwalimu wa Jambiani, mwanamke mwenye maneno machache na macho yanayokuhesabu, na nilikuwa nshafika umri ambao shangazi zako wanakuombea dua kwa sauti ili usikie. Desturi mnaijua, mwenye kuposa haendi, wanakwenda wazee. Lakini gari ile haikubali mkono wa mtu mwengine, kwa hiyo ikakubalika kwamba nitakuwa dereva tu: niwafikishe Ami Khatib na Shangazi Rahma, nibaki garini kimya kama kifurushi. Ami Khatib ndiye msemaji wa posa zote za ukoo wetu, na hotuba yake huanzia kwa Nabii Adam.

Jumapili asubuhi nikawaza: nitafikaje kwa wakwe na gari inayotikisa misumari? Nikachukua spana, nikafungua boneti, nikailegeza ile bolti, nikaizungusha distribyuta upande wa kuchelewesha moto, nikazunguka na gari Mnazi Mmoja. Kimya. Hakuna ka-ka-ka hata moja. Sikwambii furaha niliyokuwa nayo, nilifunga boneti kama daktari aliyemaliza kumpasua mtu, nikaenda kuoga.

Tukatoka mjini baada ya alasiri. Ami Khatib yuko mbele kwa kanzu na joho, Shangazi Rahma nyuma amepakata sinia ya halua, na mimi nawahutubia juu ya taimingi. Mpaka Tunguu gari ilikwenda vizuri. Kufika Jozani ikaanza kuwa nzito, nakanyaga mafuta haiendi, baiskeli ikatupita na aliyeipanda akatuamkia shikamoo kwa utulivu kabisa, na Ami akaitikia marahaba akimtazama anavyotokomea. Shangazi akasema ananusa kitu kinaungua. Nikamwambia ni halua. Baada ya Paje sindano ya joto ilikuwa imelala kwenye nyekundu, na ndani ya gari mmekuwa moto wa kukaangia sambusa, lakini nilishasema mimi ni mjuzi, na mjuzi hasimami njiani kuuliza.

Tukafika jua limeshuka, magharibi haijaadhiniwa. Mzee Ameir, baba yake Zuwena, alitupokea kwa heshima zote, Ami akakaribishwa barazani pamoja na wanaume, Shangazi akaingia ndani kwa wanawake, na mimi nikabaki barabarani mbele ya nyumba. Ndani alikuwapo Bi Mize, bibi yake Zuwena, kizee asiyesikia vizuri, na siku ile alikuwa amefunga Sita, zile siku sita za baada ya Ramadhani, na tende zake ziko mbele yake kwenye kisahani anangojea wakati. Haya niliyajua baadaye, kama nilivyoyajua mengine yote.

Nikazima gari. Gari haikuzimika. Nikachomoa ufunguo kabisa, nikaushika mkononi nautazama, na injini inaendelea, inatetemeka, inakohoa, inanitingisha na kofia yangu, kwa sababu ilikuwa na moto kiasi kwamba haikuhitaji tena plagi wala mimi. Kule barazani nikamsikia Ami Khatib ameshapita kwa Adam na Hawa, anasema tumekuja kuomba ua katika bustani yenu. Hapo gari ikashusha pumzi moja ndefu, halafu eksozi ikalia.

Haikuwa pah ya kawaida. Ulikuwa mzinga. Injini ilizimika, kuku walipanda mti, moshi ukaingia barazani, watu watatu nyumba za jirani wakatoka kutazama nani kalipukiwa na mtungi wa gesi, na Ami Khatib alikuwa amelala kifudifudi juu ya jamvi, ua na bustani vyote kaviacha. Kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa Zuwena kutoka ndani: "Tumesikia kuwa umefika."

Kisha akatoka Shangazi Rahma, ameshika mtandio mdomoni. Akaniambia polepole, "Bibi kafuturu."

Bi Mize, ambaye hata ukimwita sikioni hageuki, mzinga huo aliusikia. Alikulia zama za kupigwa mzinga wa kufuturu, basi akasema bismillahi, akatia tende kinywani na maji juu yake, na magharibi bado.

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Mzee Ameir akaja mpaka garini, akauliza gari ina nini. Neno lililotakiwa ni samahani. Mimi nikafungua boneti. Nikamwambia tatizo ni dogo, mzee, moto wa plagi ukiwahi injini inagonga, ukichelewa inachemka, na kitu chenyewe ni hiki, nikaishika distribyuta nimuoneshe, nayo ikazunguka mkononi mwangu kama kifuniko cha chupa. Nilisahau kuikaza bolti. Njia nzima kutoka mjini ilikuwa inazidi kujizungusha yenyewe, moto unazidi kuchelewa, na mimi nnazidi kusomesha.

Mzee Ameir alisubiri nimalize. "Kijana," akasema, "mimi nimekuuliza kama italia tena."

Nikamwambia haitalia. Na ili ahakikishe, nikaiwasha.

Ililia. Ndani ya nyumba sauti ya Bi Mize ikauliza kama leo ni Idi.

Gari ilibaki palepale mbele ya mlango wa wakwe mpaka Fundi Saleh alipoifuata kwa taa yake, na sisi tukarudi mjini kwa pikapu ya jirani iliyobeba magunia ya mwani mkavu, Ami Khatib amekaa juu ya gunia na joho lake mpaka Malindi. Shangazi alisema mara moja tu, kwamba halua imeyeyuka.

Jibu la posa lilichelewa mpaka nikakata tamaa, nikawa sili vizuri, natazama simu isiyolia. Lilipokuja, Mzee Ameir alisema wao hawana pingamizi, na Zuwena mwenyewe kasema ananitaka hivyohivyo nilivyo, ila Bi Mize ana sharti: siku yake iliyoharibika atailipa, na mimi nifunge naye, nikae mbele yake mchana kutwa.

Nikaenda, kwa miguu tangu Paje, kwa hiari yangu. Tuliketi kibarazani, ananitazama tu. Ilipokaribia magharibi adhana ikaanza, mimi nikanyoosha mkono kwenye tende, akanipiga vidole kwa kipepeo chake cha ukindu. Akamwita Zuwena amthibitishie, ni muadhini kweli au ni mume wako?

Zuwena akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Ni muadhini, bibi. Mume wangu kakaa kimya leo."

Na kimya nimekaa. Boneti sifungui, video sitazami, na barazani mtu akiniuliza habari za gari namuuliza pweza wanauzwaje.