Bakora ya Seloteipu

Ijumaa, kwenye mol moja ya Al Barsha, huku ughaibuni, msanii mmoja Mjapani alikuwa akibandika seloteipu za rangi ukutani, na ukuta ukageuka sikukuu ya kwao: taa za karatasi, ngoma, wanaume waliobeba kihekalu mabegani. Watu wakapiga makofi, nami nikiwemo.

Dada mmoja wa Lamu, muuza manukato aliyekuwa mapumzikoni, alikunja mikono kifuani. "Na Maulidi yetu je? Nani ametubandika sisi ukutani?"

Mjapani hakuelewa maneno, ila aliuelewa uso. Akamkabidhi seloteipu nyeusi. Dada akabandika mwanamume wa kanzu, ameinua bakora anacheza kama kwenye Maulidi, katikati ya wabeba kihekalu.

Hapo akatokea mama mmoja wa Unguja. "Mashaallah! Huyo wa kwetu Makunduchi, kwenye sikukuu ya Mwaka Kogwa."

"Makunduchi mwapigana kwa migomba, mama. Hii ni bakora. Ya Lamu."

Mama akaomba seloteipu, akabandika mgomba, mrefu kuliko bakora. Dada akairefusha bakora. Mjapani akawainamia kwa heshima, nadhani akidhani ni ibada.

"Kwani mwisho umekwenda lini Makunduchi?" dada akauliza kwa ukali.

"Tangu nije huku sijarudi. Na wewe Lamu?"

Dada akatazama saa. "Khalas, narudi dukani."

Mjapani akanigeukia, akanipa kipande. Mimi nimezaliwa kota za reli, bara, kusiko na sikukuu ya kwetu. Nikawaonea wivu wote watatu, hata hao wawili na majonzi yao. Seloteipu ilikuwa imeninata kidoleni, na sikuwa na cha kubandika.